Siku ya Kwanza Iliyozirai: Udhaifu wa Usimulizi katika A Quiet Place: Day One

Tunapoanza kusoma fasihi tunafundishwa kuuliza maswali mawili mbele ya kila kazi: inasema nini, na inasemaje. Maudhui na fani. Makala haya yanaongeza swali la tatu, ambalo linazihusu hasa kazi zinazorudi nyuma kusimulia chanzo cha hadithi ambayo hadhira imekwisha kuijua. Swali lenyewe ni hili: kulikuwa na haja gani ya kurudi? Kazi inayohakikiwa ni filamu ya A Quiet Place: Day One, iliyotoka mwaka 2024 chini ya uongozaji wa Michael Sarnoski. Mhusika wake mkuu ameigizwa na Lupita Nyong'o.

Jina hilo la mwisho linatosha kuzusha ubishi. Familia ya Lupita ni ya Kisumu, ng'ambo ya ziwa hili hili tunalolitazama kutoka Nyamagana. Baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, alichaguliwa kuwa gavana wa kaunti hiyo mwaka 2017. Tangu binti huyo alipotwaa tuzo ya Oscar mwaka 2014, wengi wetu tumezoea kumwita wa kwetu, na hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale ujirani unapogeuzwa kuwa kigezo cha uhakiki. Mcheza kwao hutunzwa, sawa, lakini hutunzwa kwa kuwa amecheza. Tena mwigizaji ni mtu mmoja tu katika kazi yenye mwongozaji, waandishi na wahariri. Msimamo wangu ni kwamba Lupita amecheza vizuri sana ndani ya filamu ambayo haikusimuliwa vizuri, na kwamba anayemsifu bila kuitenganisha kazi yake na ya waliomsimulia hamtendei haki hata yeye.

Tuanze na istilahi. Kitangulizi, kwa maana ninayoitumia hapa, ni kazi inayotungwa baadaye lakini ikasimulia yaliyotokea kabla. Ni mdogo mtu anayetaka kusimulia jinsi kaka yake alivyozaliwa. Kazi ya namna hii ina mzigo ambao kazi nyingine hazina. Mtazamaji anaingia akiwa anajua mwisho, kwa hiyo taharuki ya kawaida, ile ya "je, itakuwaje?", imekufa kabla taa hazijazimwa. Inabaki taharuki ya aina nyingine: "ilikuwaje mpaka ikawa hivi?" Kitangulizi kinachojibu swali hilo kina haki ya kuwepo. Kisichojibu kinatumia jina la kaka yake kuuzia tiketi.

Filamu mbili zilitangulia. Ya kwanza, A Quiet Place, ilitoka mwaka 2018, ikiongozwa na John Krasinski. Humo tunaikuta familia moja huko mashambani Marekani ikiishi kimya kabisa, kwa sababu dunia imevamiwa na mazimwi yasiyoona lakini yenye masikio makali mno. Ukidondosha kikombe umekufa. Watu wanatembea peku juu ya njia zilizomwagiwa mchanga na wanazungumza kwa ishara za mikono. Ya pili ilitoka mwaka 2021, baada ya kucheleweshwa na janga la korona. Mazimwi yamekwishaingia, sheria ya ukimya imekwishajulikana, na sisi tunawaona watu walioizoea. Jambo moja tu hatukulipata kwa ukamilifu: watu waliijifunzaje sheria hiyo? Nani alikuwa wa kwanza kugundua kwamba kelele ndiyo inayoua? Aliwezaje kuwaambia wenzake bila kusema? Wangapi walikufa wakiwa wanaitana majina?

Hapo ndipo jina la Day One, yaani siku ya kwanza, linapotia hamu. Tena filamu haituwekei siku hiyo kijijini. Inatupeleka New York, na inafungua kwa maandishi yanayotuambia kwamba wastani wa kelele za jiji hilo ni desibeli 90, sawa na mtu anayepiga ukelele bila kupumzika. Hebu fikiria. Jiji la mayowe linaambiwa kwa siku moja linyamaze. Huo ni mgogoro uliokamilika hata kabla mhusika hajaonekana. Chukua Makoroboi saa kumi jioni, na wachuuzi wake, na makondakta wanaoita abiria, na spika za maduka zinazoshindana, kisha uwaambie wote: atakayekohoa anakufa. Hadithi inajiandika yenyewe.

Sasa tutazame ilivyoandikwa.

Samira ni mshairi mgonjwa wa saratani anayeishi katika nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Amekuwa mchungu kwa kila mtu isipokuwa paka wake, Frodo. Muuguzi wake, Reuben, anamshawishi waende na wagonjwa wenzake mjini kutazama onyesho la vikaragosi. Samira anakubali kwa sharti moja, kwamba watakula piza ya jijini. Wakiwa mjini vinashuka vitu vya moto kutoka angani, vumbi linatanda, watu wanakimbia, na mazimwi yanaanza kuwanyakua. Unatokea mlipuko. Samira anatupwa, anazirai.

Anapozinduka yumo ndani ya jumba la maonyesho pamoja na manusura wengine, na watu wote wamenyamaza. Wamekwishajua. Wanaonyeshana ishara, wanazibana midomo, wanapita polepole kana kwamba wameishi hivyo kwa mwaka mzima.

Hapo ndipo filamu ilipovunjika mgongo, na haikupona mpaka mwisho. Jambo moja pekee ambalo kitangulizi hiki kilikuwa na wajibu wa kutuonyesha, yaani namna jiji lenye kelele lilivyoigundua sheria ya ukimya, limetokea wakati mhusika mkuu amezirai. Kwa kuwa kamera imefungwa kwake, na sisi tumezirai naye. Siku ya kwanza imepita tukiwa tumefumba macho. Tunachozinduka nacho ni siku kama zile tulizokwisha kuziona katika filamu mbili za nyuma, ila tu na majengo marefu.

Kuzirai ni mbinu ya zamani, na si kila inapotumiwa ni kosa. Msimulizi anaweza kumzimisha mhusika ili aruke muda usio na maana. Lakini muda ulioruka hapa ndio uliokuwa na maana yote. Ni sawa na kumwalika mtu harusini, ukamlaza usingizi wakati wa kufunga ndoa, kisha ukamwamsha kuosha vyombo.

Kwamba jambo hilo lingewezekana, ushahidi umo ndani ya mfululizo wenyewe. Filamu ya pili inafungua kwa kurudi nyuma, kwa mbinu rejeshi, hadi siku ile ile ya kwanza katika mji mdogo. Watu wako kwenye mchezo wa besiboli wa watoto, kitu cha moto kinapasua anga, wanatawanyika. Baadaye kidogo tunawaona wachache wamejificha ndani ya baa. Mmoja anasali kwa sauti ya chini, mwingine anamziba mdomo, wanaanza kuelewa. Halafu simu ya mtu inalia. Kwa dakika chache tu tumewaona watu wakijifunza, na tumeyaona malipo ya kujifunza kwa kuchelewa. Kitangulizi cha mwaka 2024 kilikuwa na karibu dakika 100 za kufanya kazi hiyo hiyo katika jiji kubwa, na kikafanya pungufu ya hapo.

Mtetezi wa filamu atasema: ndugu mhakiki, hukuielewa. Hadithi hii si ya mazimwi, ni ya Samira. Ni hadithi ya mtu anayekufa akiwa katikati ya watu wanaogopa kufa. Hoja hiyo ina uzito na siwezi kuipita. Sifa kubwa ya filamu hii iko hapo hapo. Kwa kumchagua mhusika ambaye kifo chake kilikwishapangwa kabla ya mazimwi, waandishi wameiepuka ile taharuki rahisi ya "atapona, hataponi?" Samira hataponi kwa vyovyote. Swali linakuwa: mtu wa namna hiyo ataitumiaje siku iliyobaki? Ndiyo maana safari yake ya kwenda Harlem kutafuta piza ya mgahawa aliouzoea zamani na baba yake, mpiga piano wa jazi, haichekeshi. Helikopta za jeshi zinatangaza kwa vipaza sauti, umati unaelekea kusini kwenye mashua, na yeye anakata kwenda kinyume na umati. Picha ile ya mwanamke mmoja anayepanda wakati jiji zima linashuka ni picha bora ya filamu nzima. Na Lupita, aliyenyimwa maneno, anatumia macho na pumzi. Unaweza kusoma hasira, maumivu na utani katika uso wake bila kuambiwa lolote.

Lakini hoja ya mtetezi inajirudi yenyewe. Kama hadithi ni ya Samira tu, basi haikuhitaji kuwa kitangulizi. Safari ile ingeweza kutokea siku ya 30 au ya 300. Ingeweza kutokea katika vita, katika mafuriko, au katika siku ya kawaida isiyo na janga lolote. Waandishi wametunga hadithi mbili: moja ya mwanamke anayekufa, na nyingine ya jiji linalojifunza kunyamaza. Ya kwanza wameisimulia kwa mapenzi. Ya pili, ambayo ndiyo imeandikwa kwenye bango, wameikwepa. Zingeweza kuungana. Mtu ambaye maumivu yamemfundisha kunyamaza kabla ya wengine angeweza kuwa wa kwanza kuielewa sheria mpya. Mshairi, ambaye kazi yake ni kupima uzito wa kila neno, angekuwa na la kusema siku maneno yalipokatazwa. Nafasi hiyo ilikuwa mezani. Badala ya kuitumia, wamemzimisha.

Tukitoka kwenye msuko tukaingia kwenye usawiri wa wahusika, tunakuta ufa ule ule. Mtazame Henri, anayeigizwa na Djimon Hounsou. Mtazamaji wa filamu ya pili anamfahamu: ni yule kiongozi wa watu waliojiokoa kisiwani. Kwa hiyo tangu anapoonekana tunajua atafika kwenye mashua na atapona siku hii. Taharuki juu yake haipo, na mwandishi alipaswa kuiziba nafasi hiyo kwa kitu kingine. Alikuwa nacho mkononi. Mwanamume mmoja anashikwa na kiwewe, anataka kupiga kelele. Henri anamziba mdomo, na katika kumnyamazisha anamuua. Baba mwenye familia, mtu mwema, ameua mwanadamu mwenzake ili wengine waishi. Jamani, huo ndio mwanzo wa utaratibu wote wa dunia mpya. Hiyo ndiyo siku ya kwanza tuliyoiomba. Na filamu inafanya nini? Inamwonyesha akiwa amehuzunika, kisha inampeleka kwenye mashua. Hatuulizwi kama yule kiongozi mpole wa kisiwani alijengwa juu ya kifo hicho. Kitendo kizito kimepita kama ajali ya baiskeli.

Eric naye, kijana Mwingereza anayesomea sheria, anaibuka kutoka kwenye kituo cha treni kilichojaa maji, anamwona paka, anamfuata Samira. Kwa nini amfuate? Ana hofu na hana mtu. Joseph Quinn anaiigiza hofu hiyo vizuri, na mahali ambapo wawili hao wanasubiri ngurumo za radi ili wapate kupiga kelele ni mahali pa kukumbukwa. Hata hivyo Eric hana jana. Hatujui anaacha nini, kwa hiyo hatujui anapoteza nini. Amewekwa ili Samira apate mtu wa kumletea dawa, na baadaye mtu wa kumkabidhi paka. Mhusika aliyewekwa kwa ajili ya kazi ya mhusika mwingine ni mtumishi wa msuko.

Paka mwenyewe ni sadfa yenye miguu minne. Anawakutanisha wahusika, anapotea panapotakiwa taharuki, anarudi panapotakiwa faraja, na katika jiji lililojaa milipuko na mazimwi hapigi kelele hata siku moja. Aliyewahi kufuga paka anajua kwamba huyu amesoma hati ya filamu kabla ya wenzake.

Kuna pia eneo ambalo Eric anayakuta mazimwi yakila kitu kama uyoga mkubwa. Tunapewa dokezo kwamba yana chakula chake, labda yana mashamba yake. Halafu basi. Dokezo halirudi tena. Hapa nataka nieleweke. Sidai kwamba filamu ilipaswa kutuambia mazimwi yametoka sayari gani. Bunilizi za kisayansi haziwajibiki kutoa cheti cha kuzaliwa cha kila zimwi. Lakini mlango ukiufungua mwenyewe mbele ya mgeni, usimwache amesimama kizingitini.

Tukitaka kuona kazi iliyoweza kuubeba mzigo wa mwisho unaojulikana, hatuna haja ya kwenda mbali. Ebrahim Hussein alipotoa Kinjeketile mwaka 1969, hapakuwa na Mtanzania aliyesoma historia ambaye hakujua kwamba vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliishia katika kushindwa, na kwamba maji hayakugeuza risasi. Taharuki ya nani atashinda haikuwepo kabisa. Hussein akaiweka kwingine: watu waliodharauliana na kutengana wanafikaje kuamini neno moja? Na mtu aliyelitoa neno hilo afanye nini likimponyoka? Angalia kwamba yanayotokea chini ya maji, Kinjeketile alipozama mtoni, hatuonyeshwi. Chanzo kimefichwa. Lakini watu wakilipokea neno, wakilibishia, wakitaka kulijaribu, wakilikimbiza kuliko mwenyewe alivyotaka, hayo yote tunayaona kwa macho yetu. Hiyo ndiyo tofauti. Chanzo cha zimwi kinaweza kufichwa bila hasara. Binadamu anapolitambua zimwi, hapo pazia lifunguliwe.

Karibu zaidi bado, hapo Ukerewe, Aniceti Kitereza alikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945 riwaya ambayo Kiswahili chake kilichapishwa mwaka 1980. Jina lake refu linawataja wazazi kwanza, Myombekere na Bugonoka, kisha watoto, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi mwenye haraka angeanza na watoto. Kitereza anakaa na yaliyotangulia: mke kurudishwa kwao kwa kukosa mtoto, mume kwenda kumkomboa, pombe ya ndizi, dawa, mvua, shamba, ugeni. Anapozaliwa Ntulanalwo tunajua amegharimu nini. Kwake "kabla" ina maisha yake yenyewe. Katika Day One maisha ya New York kabla ya vimondo ni dakika chache za kutazama nje ya dirisha la basi. Tunaambiwa desibeli 90, lakini hatukai ndani ya kelele hizo muda wa kutosha kuzipenda. Kwa hiyo zinapozimwa hatuzililii.

Jambo hili si mchezo wa istilahi, hasa kwa sisi wa mji huu. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia bandari ya Mwanza. Makaburi yako Igoma, ndani ya wilaya yetu. Kila mtu anajua mwisho wa safari ile. Siku mwanafunzi mmoja wa darasa letu atakapoamua kuiandikia riwaya, na naamini itafika, atakuwa anaandika kitangulizi cha msiba ambao wasomaji wake wanaujua kuliko yeye. Kishawishi kitakuwa kikubwa cha kuanzia pale meli inapolala ubavu, maana hapo pana mayowe. Lakini riwaya iko nyuma ya hapo: iko kwenye gati la Bukoba na la Kemondo, kwa watu wanaopanda na mikungu ya ndizi, kwa anayeona meli imejaa na akasema neno, na kwa anayeona akanyamaza. Akiwazimisha wahusika wake wakati wa kupanda, akawazindua majini, atakuwa ametupa mayowe bila kutuonyesha yalikotoka. Na msiba usioonyeshwa ulikotoka hauwafundishi kitu wanaopanda meli kesho.

Kuna hadhira moja ambayo ingeweza kuupima udhaifu huu haraka kuliko wahakiki. Nazungumzia watazamaji wa vibanda vya video, ambako mfasiri huisimulia filamu kwa Kiswahili juu ya picha. Mpe mfasiri huyo Day One. Atapata shida mbili. Ya kwanza, filamu yenyewe inataka ukimya, na yeye analipwa kwa kusema. Ya pili ni kubwa zaidi. Pale Samira anapozinduka, benchi la mbele litauliza: "Sasa hawa wamejuaje?" Hataweza kujibu kwa kutazama picha, kwa sababu jibu halimo. Itabidi alitunge yeye. Atambuni mtu aliyepiga kelele akanyakuliwa, na mwenzake aliyeona akaelewa. Yaani atakuwa amekaa kwenye kiti cha mwandishi na kumaliza kazi iliyoachwa Marekani. Filamu inayomlazimisha msimulizi wa pili kuutunga mwanzo wake haikustahili kuitwa siku ya kwanza.

Kwa kuhitimisha, tuipe filamu haki yake. Mwisho wake, pale Samira anapochomoa waya wa visikizi na kuuachia muziki utoke kwa sauti kubwa mtaani, unafaa kabisa. Mtu aliyenyimwa mwili na siku anachagua mwenyewe ukimya wake uvunjwe na nini. Dhamira ya heshima ya anayekufa imefikishwa, na imefikishwa na mwigizaji anayeijua kazi yake. Lakini upande wa usimulizi, ahadi iliyotolewa na jina haikutimizwa. Tulipewa picha nzuri ya mtu mmoja, tukanyimwa jiji. Na kwa sisi tunaojifunza kutunga na kuhakiki, somo lake ni dogo na gumu: ukiamua kurudi mwanzo wa hadithi, mwanzo utakapotokea, hakikisha kuna mhusika mmoja aliyefumbua macho.